Mgonjwa Asiachwe Peke Yake Chumbani

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu, Kisesa

      

Kamati ilipotupa heshima ya kusema maneno machache ilitarajia, kama ilivyo desturi, tueleze historia ya jengo hili: nani alichanga mifuko ya saruji, nani alileta marumaru, nani aliuza gari lake ili paa likamilike. Historia hiyo imeandikwa vema katika kitabu cha kumbukumbu mlichopewa mlangoni, nasi hatutairudia. Tumeomba ruhusa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa kunong'ona, kana kwamba kulitaja ni kuliita. Jambo hilo ni saratani, na hasa hofu ya mgonjwa asiyejua ni nini atakachofanyiwa. Tutasema pia juu ya chombo kipya, miwani ya uhalisia pepe, na kwa nini twaona kinatuhusu sisi wa huku ziwani.

Lakini anayetaka kufagia ua wa jirani sharti aanze na wa kwake. Basi tuanze nyumbani.

Mama yetu mzazi, ambaye sote nyumbani tulimwita Ba, wengi mliopo hapa mlimfahamu. Ndiye aliyekuwa akitunga mashada ya maua kwa ajili ya murti kila asubuhi, hata siku za mvua. Watoto wetu wakiwa bado shule ya msingi, Ba alionekana ana uvimbe katika titi. Sisi na kaka zetu tulikutana dukani usiku baada ya kufunga milango, tukakubaliana neno moja: Ba asiambiwe. Tulidhani huo ndio upendo. Tulimpeleka ng'ambo, kwenye mji ambao ndugu zetu wa upande wa mama wanaishi, na kabla hajaingia kwa daktari tulitangulia sisi, tukamwomba daktari asilitaje jina la ugonjwa mbele yake. Ba akaambiwa ni uvimbe wa kawaida. Baada ya upasuaji akaambiwa kuna mwanga atakaopigwa kidogo, ili kidonda kikauke upesi.

Siku ya kwanza ya mwanga huo alirudi hazungumzi. Siku ya pili alikataa kutoka kitandani. Tulimsihi; kisha, Mungu atusamehe, tulimkemea. Tulimwambia anapoteza fedha, anawaaibisha wanawe mbele ya madaktari, anakuwa kama mtoto. Ba hakujibu. Baada ya juma moja tulikata tiketi, tukarudi Mwanza. Hakumaliza miaka miwili.

Siku ya kumi na tatu baada ya msiba, wageni walipokwisha kuondoka, mwenzetu wa nyumbani alitueleza neno ambalo Ba alimwambia yeye peke yake. Alisema: "Walinilaza juu ya meza ngumu, wakaniinua mikono juu ya kichwa, wakatoka wote. Mlango mzito ukafungwa. Nikasikia kitu kinanguruma. Nikajua wanangu wameniacha mahali pa kuchomea maiti kabla sijafa."

Ndugu zetu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari ile hakuumbuliwa Ba. Tuliumbuliwa sisi wanawe. Hatusemi kwamba angalimaliza matibabu angalipona, maana hilo hakuna binadamu awezaye kuliapia. Twasema kwamba alinyimwa nafasi na hofu, na mbegu ya hofu ile tuliipanda sisi kwa mikono yetu, dukani, usiku, milango ikiwa imefungwa.

Miaka mingi ilipita. Tukadhani kisa kile ni cha familia moja ya Kigujarati na mila zake za kuficha. Kisha likaja jambo la mlinzi wa ghala letu. Yeye na mkewe wametupa idhini ya kulisimulia, bila kutaja majina.

Mke wa mlinzi huyu, mama wa watoto watano, aligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Katika hospitali moja alielezwa kwa haraka, kwenye foleni ndefu, kwamba atachomwa mionzi kwa majuma matano. Yeye Kiswahili chake ni cha sokoni; moyo wake huwaza kwa Kisukuma. Neno alilolisikia lilikuwa moja tu: kuchomwa. Sisi wafanyabiashara wa mjini tukisikia kuchomwa twafikiri sindano. Yeye alifikiri moto. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba afadhali afe akiwa na ngozi yake. Mumewe akaja kwetu kuomba mkopo. Tulimpa bila kumwuliza ni wa nini, tukajiona wakarimu. Ulikuwa wa kumlipa mganga.

Aliyemwokoa hakuwa sisi. Alikuwa muuguzi mmoja aliyeona jina limeitwa mara tatu bila mtu kuitikia, akatafuta namba ya simu, akampigia mumewe, akazungumza na mama yule kwa Kisukuma. Hakumhubiria. Alimwambia neno moja: "Mama, njoo Jumamosi, siku isiyo na wagonjwa, uje ukitazame tu chumba chenyewe. Hutafanyiwa kitu." Alikwenda. Akaishika meza kwa mkono wake. Akalala juu yake akiwa na nguo zake zote. Mumewe akapelekwa upande wa pili wa ukuta, akaonyeshwa kioo cha kamera, akapewa kipaza sauti, akamwita mkewe kwa jina la utani walilokuwa wakiitana tangu ujana. Mama yule alicheka mle chumbani. Jumatatu alikuja kuanza matibabu, akayamaliza yote. Leo anauza nyanya kando ya barabara ya Musoma, na wengi wenu mmekula nyanya zake bila kujua habari hii.

Basi tulipolinganisha visa hivi viwili tuliona kwamba meza ilikuwa ileile, mlango mzito uleule, mngurumo uleule. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alikiona chumba kabla ya siku yake, na mwenzake hakukiona.

Twaomba sasa tueleze kwa ufupi yanayotendeka ndani ya chumba hicho, kama tulivyoelezwa na wataalamu, maana huenda yupo kati yetu anayehitaji kuyasikia leo.

Kwanza mgonjwa hupigwa picha za ndani ya mwili, ili wataalamu wajue uvimbe umekaa wapi na viungo vipi vimeuzunguka. Kisha huchorwa alama ndogo juu ya ngozi. Alama hizo ni za kumlaza mahali palepale kila siku, na ndiyo maana huambiwa asizisugue anapooga. Mwenye saratani ya kichwa au shingo hutengenezewa barakoa ya plastiki yenye matundu, iliyolainishwa kwa maji ya moto na kufuata umbo la uso wake, ili asitikisike. Siku ya tiba hulala juu ya meza, wataalamu wakampanga, kisha wakatoka. Hawatoki kwa kumkimbia. Wao hufanya kazi hiyo kila siku ya mwaka, na wangebaki ndani wangepokea mionzi isiyowahusu. Wakiwa nje humwona kwa kamera na kumsikia, na akiinua mkono mashine husimamishwa. Mashine humzunguka bila kumgusa. Haichomi, haina harufu, na dakika zile hazina maumivu. Machovu huja baadaye, na ngozi ya mahali palipopigwa yaweza kuwa nyeusi na kuwasha. Aghalabu tiba huwa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma kadhaa.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui: mgonjwa aliyepigwa mionzi na mashine ya nje habebi mionzi hiyo kurudi nayo nyumbani. Aweza kumpakata mjukuu wake. Aweza kupika. Aweza kula sahani moja na wenziwe. Tumeona mama akitengewa kikombe na kijiko kama mwenye ukoma wa hadithi za kale. Hiyo si tahadhari, ni ujinga, na ujinga huo unauma kuliko ugonjwa.

Hapa kwetu lipo jambo la kujivunia. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi hakuwa na njia ila kusafiri hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kwenye jengo la Ocean Road ambalo Wajerumani walilijenga mwishoni mwa karne ya 19 na ambalo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani ya taifa. Wengi waliona safari hiyo ndiyo hukumu yenyewe, wakabaki nyumbani. Leo tiba hiyo ipo Bugando, juu ya kilima kile tunachokiona tukiingia Mwanza, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971.

Na miongoni mwa mashine za hospitali hiyo ipo iliyotolewa na Serikali ya India, iitwayo Bhabhatron. Ilibuniwa katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha Mumbai chenye jina la Homi Bhabha, mwanasayansi wa jamii ya Waparsi. Fikirini basi, ndugu zetu: hospitali ya maaskofu wa Kikatoliki, mashine yenye jina la Mparsi, zawadi ya nchi ya mababu zetu, na juu ya meza yake amelala Msukuma wa Magu, kesho Mkerewe, keshokutwa Mwislamu wa Nyamagana, siku nyingine mmoja wetu. Hatujui mahubiri yanayoishinda picha hiyo.

Mashine ya namna hiyo hutumia madini ya kobalti, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi. Hivyo kadiri kobalti inavyozeeka mgonjwa hulazwa dakika nyingi zaidi ili apate kipimo kilekile. Twalitaja hili kwa sababu mgonjwa akimsikia mwenzake wa zamani akisema, "Mimi nililala dakika chache tu," huanza kudhani ugonjwa wake ndio mbaya zaidi. Kumbe ni umri wa kobalti tu. Neno dogo kama hilo, likisemwa mapema, humpa mtu usingizi wa usiku kucha.

Sasa tuje kwenye miwani.

Wale wa umri wetu mtakumbuka kichezeo kilichoitwa View-Master. Baba yetu alitununulia kimoja Nairobi. Ulikuwa unakiweka machoni, unabonyeza kitasa, na mbele yako Taj Mahal inasimama imara, ina mbele na nyuma, hata mtoto hunyoosha mkono kuishika. Siri yake ni kwamba kila jicho lilionyeshwa picha yake, zikitofautiana kidogo, na akili ikaziunganisha. Miwani ya leo hufanya vivyo hivyo, lakini imeongeza jambo moja kubwa: ina kifaa kinachotambua kichwa kinapogeuka. Ukitazama juu waona dari. Ukigeuka nyuma waona mlango ulioingilia. Si picha unayoitazama tena; ni mahali ulipo.

Katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, wataalamu walitengeneza chumba cha mionzi cha namna hiyo, kikionyeshwa juu ya ukuta mpana kwa watu waliovaa miwani maalumu. Walikikusudia kwa wanafunzi, ili wajifunze kuiendesha mashine bila kumhatarisha mtu. Baadaye walimu waliona kwamba chumba kile kinamfaa mgonjwa pia. Wakawaita wagonjwa na jamaa zao kabla ya tiba, wakawaonyesha meza, mashine inavyozunguka, na mionzi inavyopita mwilini kuufikia uvimbe. Hospitali nyingine za Uingereza na Australia zikafuata. Tafiti zao nyingi ni ndogo, lakini wagonjwa walio wengi walisema wameelewa vizuri zaidi na hofu imepungua. Barani kwetu, huko Lusaka, Zambia, madaktari wamefundishwa kwa miwani kama hii upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi. Basi si kitu cha Wazungu peke yao.

Wala si lazima kiwe cha ghali. Tangu mwaka 2014, kampuni ya Google ilipotoa muundo wa miwani ya boksi la karatasi ngumu yenye lenzi mbili, simu janja ya kawaida inaweza kutumika badala ya mitambo. Kinachobaki ni filamu: mtu aingie na kamera inayopiga pande zote katika chumba halisi, hospitali halisi, wauguzi halisi, na asimulie kwa lugha ya mgonjwa.

Hapa ndipo kisa cha muuguzi na Jumamosi yake kinaporudi. Alichokifanya kwa mama yule ndicho miwani inachojaribu kukifanya, naye alikifanya bila miwani. Lakini muuguzi mmoja hana Jumamosi za kuwatosha wote, na chumba chenyewe siku nyingi kina foleni. Tena mgonjwa wa Ukerewe au Sengerema huamua kuja au kutokuja akiwa bado nyumbani kwake, ng'ambo ya maji, kabla hajaiona hata ngazi ya hospitali. Chumba hakiwezi kupanda kivuko kumfuata. Miwani inaweza.

Majirani zetu wa Bujora mnalijua jambo hili kuliko sisi. Padri David Clement alipoanzisha makumbusho ya Wasukuma pale, hakuridhika na kuandika kitabu juu ya watemi. Alitaka mtoto aingie katika nyumba ya mhunzi na nyumba ya mganga, azione ngoma za watemi kwa macho yake, atoke akiwa amejua. Kuambiwa ni nusu ya kujua. Kuingia ndani ni nusu ya pili.

Tulipolileta wazo hili mbele ya kamati, waheshimiwa walipinga, nao walikuwa na haki ya kupinga. Twaomba tuyataje mapingamizi yao kwa uaminifu.

Wa kwanza alisema: mgonjwa hana nauli, ninyi mnamnunulia kichezeo. Neno hilo lilituchoma, kwa sababu ni kweli. Wapo wanaoacha tiba si kwa hofu bali kwa kukosa pa kulala Mwanza majuma matano, au kwa kukosa mtu wa kumwachia watoto. Miwani haimlishi mtu. Basi tulibadilisha pendekezo letu, nanyi mtalisikia: nauli na malazi kwanza, filamu pili.

Wa pili alisema: wapo watakaotishwa zaidi. Hili nalo ni kweli. Kuna wanaopata kizunguzungu na kichefuchefu wakivaa miwani hiyo, na mwenye kifafa au uvimbe wa ubongo asivalishwe bila daktari kuruhusu. Kuna wasiotaka kuona, nao wana haki ya kutoona. Miwani ni ya kumtolea mgonjwa, si ya kumlazimisha. Asiyeitaka aonyeshwe picha za karatasi, au aelezwe polepole kwa mdomo, au aachwe.

Wa tatu, mzee wetu mpendwa, hakusema neno la fedha wala la afya. Aliuliza: "Je, sisi tunaoficha, mtatufanya nini?" Kikao kikanyamaza, kwa maana kila familia pale mezani ilikuwa na Ba wake. Hatukumjibu siku ile. Twamjibu leo.

Mheshimiwa mzee wetu, turuhusu tukukumbushe jambo unalolijua kuliko sisi, kwa kuwa ndiwe uliyetufundisha. Katika Gita, Arjuna alimsikiliza Krishna kwa muda mrefu. Aliambiwa mengi, akayaelewa mengi. Hata hivyo aliomba kuona. Naye Krishna hakumkemea kwa kuomba. Alijua kwamba macho ya kawaida hayatatosha, akampa macho mengine. Arjuna akaona yote, akatetemeka. Nywele zilimsimama. Akaomba arudishiwe sura ile aliyoizoea, sura ya rafiki. Na Krishna akairudia, akamtuliza.

Tumekisoma kisa hicho tangu utotoni, lakini ni mwaka huu tu tulipoona mambo mawili ndani yake. La kwanza: hata aliyeambiwa na Bwana mwenyewe alihitaji kuona. Basi mama yetu, aliyeambiwa uongo na wanawe, angeliwezaje kusimama imara? La pili: kuona peke yake hutisha. Krishna alimwonyesha, lakini hakushuka garini. Alibaki palepale, hatamu mkononi, na baada ya macho ya ajabu akampa uso anaoujua. Yeyote atakayemvisha mgonjwa miwani kisha akaenda kunywa chai amefanya kosa lilelile tulilolifanya sisi, kwa chombo kipya tu. Miwani ikivuliwa, kitu cha kwanza mgonjwa atakachokiona sharti kiwe uso wa mtu anayempenda, ambaye ameyaona yaleyale, na ambaye hana cha kumficha.

Ndiyo sababu, mzee wetu, hatutawafanya neno wale wanaoficha. Tutawaomba tu wavae miwani wao kwanza. Mwana akishalala juu ya meza ile, akaona mlango ukifungwa, akasikia mngurumo, atajua mwenyewe kwamba hawezi kumwacha mama yake aingie mle bila neno.

Basi pendekezo letu, ambalo kamati imekubali lisomwe mbele yenu, lina mambo matatu.

Kwanza, fedha zilizokuwa zimewekwa kando kwa ajili ya taa za mapambo za mnara wa hekalu zigeuzwe kuwa mfuko wa nauli na malazi kwa wagonjwa wa mionzi wanaotoka Kisesa na vijiji vya jirani, bila kuuliza dini wala kabila. Mnara utangoja. Mungu tunayemwabudu humu hajawahi kulalamika kwamba kuna giza.

Pili, tuiombe hospitali, kwa barua na kwa heshima zote, ituruhusu kupiga filamu fupi ya pande zote katika chumba cha mionzi siku isiyo na wagonjwa. Isimuliwe kwa Kiswahili na Kisukuma, na kila neno likaguliwe na madaktari kabla ya kuonyeshwa kwa mtu yeyote. Neno kuchomwa lisiwemo. Mama yule wa nyanya amekubali sauti yake itumike. Alipoulizwa atasema nini, alisema: "Nitawaambia kwamba meza ni baridi kidogo, basi."

Tatu, tupate wajumbe wa kujitolea, wake kwa waume, watakaokaa na mgonjwa wakati wa kutazama na baada ya kutazama. Hiyo ndiyo seva. Kutoa fedha ni rahisi kwa wafanyabiashara kama sisi. Hutoka mfukoni nasi tukaenda zetu. Kukaa saa nzima kando ya mtu anayeogopa ni kazi nyingine. Jina la kwanza katika orodha hiyo ni la mwenzetu wa nyumbani, yule ambaye Ba alimwambia neno lake. La pili ni letu.

Na kwa kuwa wapo hapa mabinti wengi, tuongeze neno moja. Tangu mwaka 2018 serikali yetu imekuwa ikitoa chanjo ya kuwakinga wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, bila malipo. Wazazi, msiikatae kwa uvumi wa sokoni. Na kina mama, nendeni mkapimwe mapema, kabla ya dalili. Miwani iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo binti yako hatahitaji kuivaa.

Ndugu zetu, tumezeeka katika biashara. Tumejifunza kupima kila kitu kwa kilo na kwa mita. Lakini liko deni moja ambalo hatukuliandika kwenye daftari lolote, nalo limetukesha miaka hii yote: mama mmoja alilazwa juu ya meza akidhani ameachwa. Hatuwezi kumrudia kumwambia kwamba tulikuwa nje ya mlango, tumesimama, tunasubiri, tunampenda. Twaweza tu kuhakikisha kwamba mama wa mwingine anajua.